Alfajiri ya Uongo Imekwenda Wapi?

Aliyesoma madrasa mpaka akafika mlango wa nyakati za swala anajua kwamba alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo: mwanga mweupe unaosimama wima upande wa mashariki, mpana chini na mwembamba juu, ambao hauzuii kula daku wala hauingizi wakati wa swala. Ya pili ni alfajiri ya kweli, ile inayotanda kushoto na kulia kwenye upeo wa macho na kuzidi kung'aa mpaka jua linachomoza. Wanazuoni wa kale walieleza tofauti hiyo kwa makini, wengine wakaifananisha ile ya kwanza na mkia wa mbwamwitu, kwa sababu watu wa wakati wao walikuwa wakiziona zote mbili. Hofu ilikuwa mtu asije akaidhania ya kwanza kuwa ya pili, akaswali kabla ya wakati.

Hofu hiyo haipo tena Kariakoo, Kisauni wala Eastleigh. Kijana wa huko anaijua alfajiri ya uongo kwa maneno ya mwalimu wake, na akiulizwa kwenye mtihani ataieleza vizuri, lakini macho yake hayajawahi kuiona. Akibaki mjini hataiona. Taa zimeifuta.

Yenyewe ingalipo. Wataalamu wa anga huiita mwanga wa zodiaki, na asili yake ni vumbi: chembe ndogo ndogo zilizosambaa katika bapa lile lile ambamo sayari hulizunguka Jua. Jua likiwa bado chini ya upeo, miale yake hugonga vumbi hilo na sehemu kidogo ya nuru hutufikia. Giovanni Cassini aliuchunguza mwanga huo mwaka 1683. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen aliyecheza miaka mingi na mzaliwa wa Zanzibar Freddie Mercury, alianza utafiti wa uzamivu juu ya vumbi hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akauweka kando kwa ajili ya muziki, kisha akaukamilisha mwaka 2007 katika chuo cha Imperial College, London. Sisi tunaoishi karibu na ikweta ndio tuliopendelewa zaidi kuuona, kwa kuwa huku kwetu njia ya sayari angani husimama karibu wima, na mwanga haulali ukazama kwenye ukungu wa upeo kama unavyofanya Ulaya.

Mimi niliuona Mafia, upande wa kisiwa unaotazama bahari kuu, mwezi wa Julai, kusi likivuma na mwezi haupo angani. Ilikuwa yapata saa kumi na nusu. Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kimeshapanda, nyota za Jabari ndiyo kwanza zinachomoza, na kati ya bahari na Kilimia ulisimama mwanga mweupe, mpole, mkubwa kuliko nilivyotarajia. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikagua mashua yake alinitazama ninavyoshangaa, akasema tu, "Hiyo bado, mwanangu. Subiri ya kweli." Kwake ilikuwa jambo la kila siku.

Nimeanza na mwanga huu kwa sababu ndio wa kwanza kupotea. Nyota kali kama Shira na Suheli huhimili hata juu ya Dar es Salaam. Sayari za Zuhura na Mshtarii huonekana popote. Kinachofutika ni vile vyenye nuru hafifu: mwanga wa zodiaki, kisha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, kisha nyota ndogo moja baada ya nyingine. Mahali penye giza kamili, mtu mwenye macho mazuri anaweza kuona nyota zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Katikati ya jiji kubwa hubaki makumi machache. Mwaka 2001 John Bortle, Mmarekani aliyetazama nyota kwa mapenzi tu, alitunga kipimo cha madaraja 9 cha giza la usiku, daraja la kwanza likiwa giza safi na la tisa likiwa anga la katikati ya jiji. Kipimo hicho ndicho wapenda nyota wa dunia nzima wanachotumia mpaka leo.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Fabio Falchi wa Italia walichapisha ramani ya mwanga bandia duniani. Walikuta watu 8 katika kila 10 wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi. Singapore ilikuwa nchi yenye anga lililochafuka kuliko zote. Miongoni mwa nchi zilizosalia na giza lake zilikuwa Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska.

Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti ulionishtua zaidi. Christopher Kyba na wenzake walikusanya taarifa zaidi ya 51,000 za nyota zinazoonekana, zilizopelekwa na watu wa kawaida kati ya mwaka 2011 na 2022, wengi wao wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Wakaona kwamba anga la usiku linazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka, maana yake mng'ao huo huongezeka maradufu kabla ya miaka minane kwisha. Mtoto akizaliwa mahali zinapoonekana nyota 250, akitimiza miaka 18 atakuwa anaziona 100 tu. Setilaiti zilikuwa zimekadiria ongezeko la kama asilimia 2 kwa mwaka. Zilikosea kwa sababu vipimo vyake havioni vizuri nuru ya buluu, na taa za LED tunazofunga siku hizi hutoa kwa wingi nuru hiyo hiyo. Macho ya watu waliosimama uani kwao yaliona kilichozipita setilaiti.

Hapo ndipo ninapotaka kuwasifu watu hawa wa kawaida. Elimu ya nyota ni miongoni mwa elimu chache ambazo mtu asiye na cheo, maabara wala mshahara anaweza kuzichangia. William Herschel alikuwa mwanamuziki pale Bath, Uingereza, alipoigundua sayari ya Uranus akiwa bustanini kwake mwaka 1781. Thomas Bopp hakuwa hata na darubini yake mwenyewe. Usiku wa Julai 1995 alikuwa anachungulia kwenye darubini ya rafiki katika jangwa la Arizona alipoona doa ambalo halikuwa kwenye ramani. Doa hilo likaja kuwa nyotamkia ya Hale-Bopp, ambayo watu wazima wengi wanaosoma makala haya wanaikumbuka, kwa kuwa mwaka 1997 ilionekana kwa macho matupu. Mchungaji Robert Evans wa Australia alikariri sura za galaksi kwa mamia, akawa anazipitia usiku kwa jicho lake kwenye darubini, na kwa njia hiyo akagundua nyota zaidi ya 40 zilizolipuka katika galaksi za mbali.

Afrika nayo ina wake. Jack Bennett, mkazi wa Pretoria, alikuwa akisaka nyotamkia kwa darubini ndogo. Mwaka 1968 aliona nyota iliyolipuka katika galaksi iitwayo M83, na Desemba 1969 akagundua nyotamkia ambayo mwaka uliofuata iling'aa sana katika anga la kusini.

Pretoria hiyo hiyo ina habari nyingine. Mwaka 1948 ilizinduliwa pale darubini ya Radcliffe yenye kioo cha mita 1.9, kubwa kuliko zote za kusini mwa dunia wakati huo. Mji ukakua, taa zikaongezeka, na katikati ya miaka ya 1970 darubini nzima ikafunguliwa na kuhamishiwa Sutherland katika nyanda kame za Karoo, kilomita zipatazo 370 kutoka Cape Town. Sutherland ndiko pia ilikojengwa darubini kubwa ya SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005. Miaka miwili baadaye Bunge la Afrika Kusini likapitisha sheria ya kuyalinda maeneo ya uchunguzi wa anga. Wenzetu walifahamu kwamba giza ni rasilimali ya nchi, wakalitungia sheria.

Sisi je? Tuna anga ambalo wapenda nyota wa Ulaya wanalipia tiketi za ndege kuja kulitazama. Jioni za Desemba, kutoka sehemu moja ya Tanzania au Kenya yenye giza, unaweza kugeukia kaskazini ukaiona galaksi ya Andromeda, ambayo nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5, kisha ukageukia kusini ukaliona Wingu Kubwa la Magellan, lililo umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Yote kwa macho matupu. Mtu wa London halioni Wingu hilo maisha yake yote. Darubini ya mkononi ya 7x50 inatosha kukushughulisha mwaka mzima.

Wazee wetu hawakuzitazama nyota kwa starehe tu. Kilimia kiliwaonyesha wakulima mwendo wa mwaka: hupotea jioni upande wa magharibi mwezi Mei, hurudi alfajiri upande wa mashariki mwezi Juni, na msemo wa kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ulikuwa kalenda ya watu wasiohitaji karatasi. Manahodha wa majahazi walielekea kusini kwa nyota ya Suheli na kaskazini kwa nyota ya Jahi. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, aliandika juu ya njia za nyota mpaka Sofala. Lakini sitaki tuzungumzie jambo hili kama la marehemu. Septemba 1, 2016 Mwezi ulipolifunika Jua na kubakiza pete, umati wa watu ulikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wanafunzi kwa wazee, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi ameandika habari za anga magazetini, alikuwa amewaandaa watu namna ya kutazama bila kuumiza macho. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope, na hubeba darubini mpaka shule ambazo hazijawahi kuiona hata picha yake. Mtoto anayeona pete za sayari ya Zohali kwa jicho lake hupiga kelele, halafu hurudi nyuma ya foleni aone tena. Kiu ipo.

Najua msomaji mwingine ameshaanza kukasirika. Atasema: tumekaa gizani miaka mingi, mama zetu wamejifungua kwa kibatari, leo umeme umefika kijijini unatuambia tuzime taa? Hasira hiyo ni ya haki na siipuuzi. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka zahanati irudi kwenye kibatari, au msichana atoke masomo ya jioni apite njia yenye giza. Nairobi wamesimamisha katika mitaa ya wanyonge yale mataa marefu yanayoitwa Mulika Mwizi, na wakazi wengi wanayashukuru, kwa kuwa mama muuza mboga anafunga biashara saa tatu badala ya saa kumi na mbili.

Lakini tazama mwanga wenyewe unakwenda wapi. Taa isiyo na kofia humwaga sehemu ya nuru yake pembeni na juu, ambako hakuna mpita njia, hakuna duka wala mwizi. Nuru hiyo hugonga vumbi na unyevu wa hewa, ambao pwani yetu umejaa, na kututandia utando wa mng'ao juu ya mji. Umeme wake umelipiwa na kodi yetu. Na nuru inayokupiga usoni haikusaidii kuona: mboni hujifinya, na yule aliyejificha kwenye kivuli nyuma ya taa unazidi kutomwona. Taa yenye kofia inayoelekeza nuru yote chini huangaza njia vizuri zaidi kwa balbu ndogo zaidi. Giza la angani na usalama wa barabarani havigombani. Vinavyogombana ni mafundi wazuri na zabuni mbovu.

Rangi nayo ina neno. Balbu nyingi za LED madukani ni za mwanga mweupe wenye buluu nyingi, 6500K imeandikwa kwenye boksi; namba hiyo ikiwa ndogo, mwanga huwa wa njano zaidi. Nuru ya buluu hutawanyika hewani kuliko rangi nyingine zilizo karibu na njano na nyekundu, sababu ile ile inayolifanya anga la mchana liwe buluu, kwa hiyo taa ya namna hiyo huchafua anga kuliko ya njano yenye nguvu sawa. Ufaransa iliweka kanuni mwaka 2018 kwamba taa nyingi za nje zisizidi 3000K. Mji wa Flagstaff, Arizona, ambako Pluto iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh, kijana wa shamba aliyejitengenezea darubini zake za kwanza, ulianza kuzuia mataa ya kumulika angani mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa kulinda giza lake. Ni mji wenye watu zaidi ya 70,000, una maduka, hoteli na barabara kuu, na Njia Nyeupe inaonekana.

Wanyama hawana wa kuwasemea kwenye vikao vya zabuni. Kasa wachanga wanaoanguliwa usiku Watamu na Mafia huelekea upande wa upeo wenye mng'ao zaidi, ambao tangu enzi ni bahari. Palipo na taa kali ya hoteli hugeuka na kutambaa kuelekea nchi kavu, wakafa kwa uchovu, kwa kunguru au kwa jua la asubuhi. Katika hoteli ya Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa usiku wa ukungu usio na mwezi, Novemba na Desemba, kwa wingi kiasi kwamba tangu mwaka 1969 wapenda ndege wamekuwa wakikusanyika pale kila msimu kuwanasa, kuwafunga pete za utambulisho miguuni na kuwaachia. Elimu iliyopatikana Ngulia ni kubwa, lakini inatuonyesha pia jinsi taa moja mlimani inavyoweza kumpotosha ndege aliyevuka jangwa zima. Na mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walitangaza kwamba mdudu yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe hushika njia iliyonyooka kwa kuongozwa na Njia Nyeupe. Walimvisha kofia ndogo ya kumziba asione anga, akapotea njia. Wakamwingiza katika jumba la kuonyeshea nyota pale Johannesburg, akanyooka.

Hata wavuvi wetu wa dagaa, ambao kazi yao ni taa, wanaishi kwa giza. Mbalamwezi ikiwa kali hutia nanga, wakangoja giza lirudi, kwa kuwa taa ya mtumbwi humvuta dagaa pale tu ambapo usiku wenyewe una giza.

Kuna jambo moja ambalo kofia ya taa haiwezi kulitibu, nalo ni setilaiti. Tangu Mei 2019, ziliporushwa 60 za mtandao wa Starlink kwa mkupuo mmoja, zimefika maelfu, na mistari yake huonekana kwenye picha za wapiga picha wa nyota. Hilo litaamuliwa kwenye meza za kimataifa, na nchi zetu zina haki ya kuketi hapo.

Taa za ardhini tunaziamua wenyewe, na tunaziamua sasa. Ulaya wanalazimika kung'oa walichokwisha funga. Sisi mitaa mingi ndiyo kwanza inawekewa nguzo ya kwanza, vijiji vingi vimeunganishwa na umeme juzi, na hoteli mpya zinachimba misingi pwani yote. Kuandika kwenye zabuni "taa zenye kofia, zisizozidi 3000K" ni sentensi moja tu. Namibia waliiona thamani hiyo: mwaka 2012 hifadhi ya NamibRand ikawa ya kwanza Afrika kutambuliwa kimataifa kwa giza lake, na wageni hulipa kwenda kulala huko chini ya nyota. Ruaha, Katavi, Samburu na Turkana zina giza la kutosha kudai sifa hiyo hiyo.

Wakurugenzi wa halmashauri na kaunti, ongezeni sentensi hiyo kabla ya kutia saini. Wenye hoteli za ufukweni, geuzeni taa zinazotazama bahari, na msimu wa kasa zizimeni wageni wakishalala. Nawe msomaji, ukinunua balbu ya nje chagua ya 2700K, ifunge ikitazama chini, na usiku usio na mwezi toka nje ukae nusu saa macho yazoee. Linganisha nyota unazoziona katika kundi la Jabari mwanzoni mwa mwaka au katika kundi la Nge katikati ya mwaka na ramani za mradi wa Globe at Night, kisha peleka jibu lako kwenye mradi huo, unaopokea taarifa za watu wa kawaida kutoka nchi zote. Za kutoka Afrika bado ni chache sana, na zinahitajika.